Kabla ya kujibu, ujue ni mzozo wa aina gani

Chukua mizozo mitatu ambayo mkaaji yeyote wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ameishuhudia. Wa kwanza: siku ya mahari familia ya binti imeleta kasiksi, pombe ya ndizi, na mjomba wa kijana, mzee wa kanisa la Kipentekoste, hataki hata kushika kikombe. Wa pili: binti huyo alibatizwa Katoliki akiwa mchanga, na kanisa la mume mtarajiwa linataka ashuke majini kabla ya ndoa, mama yake anasikia kana kwamba wamemwambia alilea mpagani. Wa tatu: mwakilishi wa kisheria (kiongozi anayetambuliwa na serikali) wa jumuiya fulani ya makanisa amemaliza muhula na haondoki, au ameondolewa na hakubali, na sasa Jumapili kuna kambi mbili zinazogombania mimbari moja huku polisi wakisimama mlangoni.

Yote mitatu huitwa "mgawanyiko kanisani", na yote mitatu huandikiwa dawa ileile: tupendane, tusameheane, tuingie katika maombi. Mimi naona dawa hiyo moja kwa magonjwa matatu ndiyo inayofanya mizozo yetu ichukue miaka. Upendo katika mabishano haupimwi kwa ulaini wa sauti. Unaanza na kazi ngumu zaidi: kujua mwenzako anabisha nini hasa, na kwa nini, kabla hujamjibu.

Kuna usemi unaopendwa sana kwenye semina: katika mambo ya lazima umoja, katika yasiyo ya lazima uhuru, katika yote upendo. Wengi humpa Agostino sifa yake. Kwa kweli ni wa karne ya 17, na mmoja wa waliouandika ni Mlutheri wa Ujerumani aliyetumia jina Rupertus Meldenius, wakati Vita vya Miaka 30 (1618 hadi 1648) vikiteketeza nchi yake. Usemi ni mzuri, ila unaacha swali kuu wazi: nani anaamua lipi ni la lazima? Waliokuwa wakiuana pale Ujerumani walikuwa na hakika, pande zote, kwamba jambo lao ni la lazima.

Nianze na mzozo wa tatu, maana ndio unaojificha kuliko yote. Hakuna anayesimama madhabahuni akasema anagombania saini ya benki. Utasikia kwamba wale wengine wameacha mafundisho ya wazee, wameingiza roho ya dunia, hawaombi tena. Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi nyuma. Mwaka 1970 Baraza la Waprotestanti la Kongo liligeuzwa kuwa kanisa moja, ECC (Kanisa la Kristo Kongo), chini ya Jean Bokeleale, na misheni za zamani zikawa jumuiya ndani yake, kila moja na namba yake. Ndiyo maana hadi leo tunataja CELPA, iliyotokana na Wapentekoste wa Norway, kwa namba 5; CEPAC, iliyotokana na wale wa Sweden, kwa namba 8; na Goma wana CBCA ya Wabaptisti, namba 3. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikakaza kamba: kwa Waprotestanti, mlango wa kutambuliwa na serikali ukawa ECC. Kundi lililotaka kujitenga halikuweza tu kubeba viti vyake likaenda kusali pengine. Lilihitaji karatasi, na kwenye karatasi kuna jina la mwakilishi wa kisheria.

Kisha ukaja mkataba wa Februari 1977 kati ya serikali na makanisa kuhusu usimamizi wa shule. Serikali ilipe walimu (tuache hapo hadithi ya namna inavyolipa), kanisa lisimamie. Tangu hapo anayeongoza jumuiya ana neno katika kumweka prefe, yaani mkuu, wa sekondari, direkta wa shule ya msingi, na hatimaye mwalimu wa kijijini. Ongeza vituo vya afya, viwanja, vyuo. Hospitali ya Panzi yenyewe, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imo chini ya CEPAC. Hilo peke yake linaonyesha ukubwa wa mzigo ambao makanisa ya mkoa huu yamebeba.

Sasa mtazame mwalimu wa eneo la Walungu anayeimba upande wa kambi iliyoshindwa. Waumini wenzake wanamwita mwasi. Huenda hana uasi wowote. Anaogopa kwamba kambi mpya italeta prefe mpya, na prefe mpya ataleta walimu wake. Ana watoto. Kumjibu kwa mistari ya utii ni kumjibu mtu ambaye hayupo. Aliye na upendo atamuuliza: unaogopa nini? Halafu atamdhaminia kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwamba kiti chake darasani hakitaguswa. Nusu ya "mafundisho ya wazee" yanaweza kuyeyuka hapo hapo.

Mizozo ya aina hii inahitaji vitu vikavu sana: katiba ya jumuiya isomwe kwa sauti, vitabu vya hesabu vifunguliwe, tarehe ya uchaguzi itajwe. Mfungo wa siku tatu haujibu swali la pesa iliyokwenda wapi. Mithali 18:17 inasema mtu aliye wa kwanza katika kesi yake huonekana kuwa na haki, mpaka jirani yake aje kumchunguza. Hilo ni onyo kwetu sisi tunaopokea audio ya dakika tisa kwenye WhatsApp na kuisambaza kabla hatujasikia ya upande wa pili. Wapo pia wanaokimbilia 1 Wakorintho 6 ili wenzao wasiende mahakamani, na mara nyingi anayeunukuu ndiye mwenye funguo mfukoni. Asome hadi mstari wa 5. Paulo anauliza kama hamna hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Anayekataza mahakama ya dunia ana wajibu wa kuweka baraza la ndani linalofanya kazi, lenye watu ambao hawakuteuliwa na mshitakiwa.

Turudi kwenye kasiksi. Hapa Biblia ina sura nzima, Warumi 14, na inashangaza jinsi inavyokaa vizuri kwenye mahari ya Kishi, ya Washi wa hapa kwetu: nyama, divai, siku za kuadhimisha. Paulo hamalizi ubishi kwa kusema fulani ameshinda, ingawa maoni yake mwenyewe yanaonekana. Anagawa kazi. Alaye asimdharau asiyekula; asiyekula asimhukumu alaye. Angalia kwamba makatazo ni mawili tofauti, kwa kuwa kila upande una dhambi yake inayouvuta. Mwenye uhuru hudharau: "hawa watu wa Fanta". Mwenye kujizuia huhukumu: "hawa walevi wanaojiita Wakristo". Nimewasikia wote wawili kwenye ua mmoja, saa moja.

Kabla ya kujibu, kila mmoja angejua la mwenzake. Mpentekoste wa Bukavu hakuzaliwa akichukia pombe. Katika familia nyingi wokovu wa baba ulitambuliwa siku mshahara wake ulipofika nyumbani badala ya kuishia baa. Watoto waliorudi shule mwaka ule ni ushuhuda ambao hoja za kitabuni haziwezi kuufuta. Kwake kikombe ni mlango ambao familia yake iliufunga kwa machozi. Upande mwingine, kasiksi ya mahari si kinywaji cha kukata kiu. Ni namna ukoo unavyosema kwamba neno limepokelewa. Kuikataa kwa uso uliokunjwa ni kama kukataa kutia saini mapatano, na wazee wa binti wana haki ya kushtuka.

Wakishajua hayo, utatuzi unakuwa mdogo kuliko kelele. Mjomba anaweza kupokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akampa aliye karibu naye. Familia ya binti inaweza kuweka kreti ya Fanta kando ya mtungi bila kutangaza kwamba ni ya wokovu. Mshenga mwenye akili hupanga haya jioni ya kuamkia sherehe, na wageni hawajui kulikuwa na shida.

Lipo jambo katika sura hii linalotumiwa vibaya sana, na sitaki kulipita. "Usimkwaze ndugu dhaifu" imekuwa rungu. Mwanamke akivaa suruali, kijana akileta gitaa la umeme, kwaya ikicheza hatua mbili, basi kuna mtu "amekwazika". Paulo alikuwa anasema juu ya mtu ambaye mfano wako unamsukuma atende kinyume cha dhamiri yake mwenyewe, kisha aumie. Mzee wa kanisa mwenye uwezo wa kumsimamisha mtu asishiriki meza ya Bwana, kwa sababu tu hapendi mdundo, hayumo katika udhaifu huo. Huyo ana nguvu. Anachokiita kukwazika ni kutopendezwa, na kutopendezwa kuna dawa zake, mojawapo ni kuketi benchi za nyuma mbali na spika.

Ubatizo ni habari nyingine. Hapa hatutofautiani mazoea. Tunatofautiana juu ya kile ambacho Mungu anafanya. Kanisa Katoliki linaamini kwamba mtoto aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, amebatizwa, na kwamba kitendo hicho hakirudiwi. Wapentekoste wanaamini kwamba ubatizo hufuata imani ya anayebatizwa, kwa hiyo kwao wanayemshusha majini hawambatizi mara ya pili. Wanambatiza mara ya kwanza. Hakuna ulaini wa maneno utakaofanya kauli hizi mbili ziwe moja. Wale wanaosema "sote tunamwabudu Mungu mmoja, ya nini kubishana" wanaonekana wapole, lakini wanamwambia kila upande kwamba imani yake ni jambo dogo. Sioni upendo hapo, naona uvivu.

Upendo katika ubishi wa imani una kipimo ambacho kinaweza kujaribiwa: je, unaweza kueleza imani ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe aseme, ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini? Mji wetu una Wajezuiti, shirika la watawa Wakatoliki. Vizazi vya vijana wamepita katika Chuo cha Alfajiri. Mwanzilishi wao, Ignasi wa Loyola, aliweka mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, yaliyochapishwa mwaka 1548, kanuni fupi: Mkristo mwema awe tayari zaidi kuliokoa neno la jirani yake kuliko kulihukumu. Asipoweza kuliokoa, amuulize analielewaje. Akiwa analielewa vibaya, amsahihishe kwa upendo. Ona utaratibu. Kusahihisha kupo, hakukufutwa, ila kunakuja baada ya kuuliza, na kuuliza kunakuja baada ya kujaribu kulitafutia neno lile maana njema. Sisi huanzia mwisho.

Chukua "Wakatoliki wanamwabudu Maria". Mpentekoste ana haki ya kuona kwamba heshima anayopewa Maria imezidi, na anaweza kulijengea hoja. Lakini Mkatoliki hufundishwa kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na tofauti kati ya heshima kwa picha takatifu na ibada kwa Mungu iliwekwa wazi kwenye Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787. Ukimwambia anaabudu sanamu, umemshuhudia uongo kwanza, na hoja yako yenye uzito haitasikika tena. Vivyo hivyo "hao wa vyumba vya maombi wanafuata pesa tu". Wapo wanaofuata pesa, na tunajua mitaa yao. Lakini mama aliyekesha kule Kadutu akiomba kwa ajili ya mtoto anayeumwa hakufuata pesa ya mtu, na kumtia kapu moja na mlaghai ni dhuluma.

Kazi hii ya kusikilizana ina matunda, ila ni ya polepole mno. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya Novemba 1964 juu ya umoja, uliwataka Wakatoliki waondoe kwanza maneno na hukumu ambazo hazielezi kwa haki hali ya ndugu waliotengana nao. Miaka 35 baadaye, tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walitia saini huko Augsburg tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, jambo lililowapasua katika karne ya 16. Hawakusema tofauti zimekwisha. Walisema kwamba fundisho la kila upande, kama lilivyoelezwa katika tamko lile, haliangukii chini ya laana ambazo mababu walitupiana. Karibu karne tano zilihitajika ili watu waelezane imani zao kwa namna ambayo kila mmoja angekubali kuwa ni yake.

Ipo aina ya nne, ambayo sikuitaja mwanzoni kwa sababu si ubishi kabisa, ingawa huvalishwa nguo za ubishi. Kiongozi amemdhuru mtu. Amegusa msichana wa kwaya, amekula fedha za wajane, amempiga mkewe. Mtu akisema, anaambiwa amefuata njia isiyo ya Kikristo: Mathayo 18 inataka uende kwake wewe na yeye peke yenu. Nimechoka na matumizi hayo ya sura hiyo. Maneno "ndugu yako akikukosa" yako mstari wa 15. Mstari wa 6 wa sura hiyohiyo unasema juu ya wadogo, na juu ya jiwe la kusagia shingoni mwa anayewakosesha. Yesu alianza na wadogo. Kumtuma msichana wa miaka kumi na mitano akaongee faraghani na mtu mzima aliyemdhuru ni kumrudisha mahali alipoumizwa, na hakuna Mungu aliyeagiza hivyo. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ukatili wa kingono, na mbuzi wa fidia aliyepelekwa kwa baba wa msichana hafuti kosa la jinai. Upendo kwa mkosaji katika hali kama hii ni kumpeleka mahali atakapojibu. Upendo kwa msichana ni daktari, mtu wa sheria, na kusadikiwa.

Na vita? Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi huohuo ujumbe wa maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Katoliki wa Kongo, na viongozi wa ECC ulikwenda Goma kukutana na wakuu wa waasi, wakibeba mpango wao wa amani na wa kuishi pamoja vema. Wapo Wakristo waliokasirika: kuketi na mwenye bunduki ni kumpa heshima asiyostahili. Wapo waliosema: kama si wachungaji, nani atamwendea? Sababu zote mbili zinaweza kutetewa kwa Injili, na watu waliozishika walikuwa wanapanga foleni moja mbele ya benki zilizofungwa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba katika mji kama wetu neno "msaliti" halikai kwenye mabishano. Linatoka, linafuata mtu hadi nyumbani. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, aliuawa hapahapa tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini. Wakati wa amani unaweza kukosea nia ya ndugu yako na kumwomba radhi wiki ijayo. Wakati wa bunduki usitaje nia yake kabisa. Pinga alichokifanya, kwa tarehe na kwa jina la jambo, basi.

Mara nyingine, baada ya yote, watu hutengana. Matendo 15 ni sura ya ajabu kwa sababu inabeba mambo yote mawili: kwanza mkutano wa Yerusalemu, ambapo baada ya hoja nyingi waliwasikiliza Paulo na Barnaba hadi mwisho, wakakubaliana kutowatwisha watu wa mataifa tohara, halafu, mistari michache mbele, Paulo na Barnaba haohao wanazozana juu ya Marko, na kila mmoja anashika njia yake. Mwandishi hasemi nani alikuwa na haki. Miaka inapita, na katika 2 Timotheo 4:11 Paulo anaagiza Marko aletwe, kwa maana amfaa kwa utumishi.

Tangu siasa ya vyama vingi ilipofunguliwa mwezi Aprili 1990, na hasa baada ya sheria ya Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida, kuanzisha kanisa jipya si jambo gumu tena. Kwa hiyo tutaona kutengana kwingi, na ni heri tujifunze kutengana vizuri kuliko kujidai hakutatokea. Deni la mabati lilipwe na walioezeka pamoja. Kwaya igawane sare na vyombo mbele ya mashahidi. Mtu akifiwa, kambi zote mbili ziende kwenye kilio, na mchungaji wa upande mmoja asigeuze mahubiri ya mazishi kuwa jibu kwa mwenzake. Na muumini anayehama akiomba barua, aandikiwe barua ya kweli: jina, tarehe ya ubatizo, huduma alizofanya. Kama alikuwa mweka hazina na hesabu zake zilikuwa safi, hilo nalo liandikwe, hata kama tangu Januari hamsalimiani.